Miatine Tisa na Sabuni ya Unga

Mwaka ambao chuo kikuu kilifungwa na sisi wanafunzi tukatawanywa makwetu, nilirudi Kanyangi na sanduku moja la nguo, madaftari manne ya kemia, na imani thabiti kwamba hakuna mtu katika tarafa nzima aliyewahi kufikiri kabla yangu. Kila Jumatatu nilitembea hadi ofisi ya chifu kutia sahihi, ili serikali ijue kwamba sijatoroka kwenda kupindua kitu. Siku sita zilizobaki nilizitumia kuuliza maswali. Nilimuuliza mchungaji, yule Kaini wa Biblia alioa binti wa nani. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini anawafundisha watoto kwamba ulimi una sehemu ya chumvi na sehemu ya sukari, kama amewahi kujaribu. Mama alitangaza kwamba siku chuo kitakapofunguliwa atachinja mbuzi, na sikuelewa mara moja kwamba hakuwa anazungumzia elimu yangu.

Kaka yangu mkubwa hakuwa na nafasi ya maswali. Alikuwa fundi wa nguo pale sokoni, ana miaka thelathini na sita, na alikuwa anaoa. Kwa usahihi zaidi, alikuwa anajaribu kuoa kwa mara ya pili katika nyumba ileile. Mara ya kwanza tulipeleka mbuzi na pombe kwa wakwe, kule Kasikeu, kwa ile sherehe tunayoiita ntheo, ambayo bila hiyo mke ni mgeni tu aliyechelewa kurudi kwao. Mbuzi walikubaliwa. Pombe, ambayo kaka aliipata kwa mtu asiyemjua vizuri, ilifika imegeuka siki. Wazee wa Kasikeu waliinusa, wakatazamana, wakasema kwa adabu kubwa kwamba tukipata pombe tuwaite. Tukarudi na mbuzi wetu.

Sasa siku ilikuwa imepangwa upya, Jumamosi. Bibi arusi, mwanamke mrefu aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na soko la Kasikeu, alikuwa amemwambia kaka neno moja ambalo kaka alilirudia kila akikanyaga cherehani. Alimwambia, "Nimekungoja msimu mzima kwa sababu ya pombe. Msimu wa pili sikungoji. Siwezi kuzeeka nikisubiri kibuyu kianze kuchacha."

Ndiyo maana safari hii kaka hakutaka kubahatisha. Alimwendea Susu, nyanya yetu, mama mzazi wa baba, ambaye katika ujana wake alijulikana kutoka Kanyangi mpaka Migwani kwa kaluvu yake, ile pombe ya asali. Chifu alitoa kibali cha mtungi mmoja, akakiandika kwa mkono wake, akanipa nikiwa nimekuja kutia sahihi yangu ya Jumatatu. Aliniambia mtungi huo nisiupindue.

Kaluvu haichachi kwa maombi. Inahitaji muatine, yaani tunda la ule mti unaoning'iniza vitu virefu vizito kama soseji za jitu. Tunda lenyewe haliliki. Hupasuliwa kwa urefu, huchemshwa mpaka uchungu utoke, hukaushwa, hulowekwa katika pombe changa, hukaushwa tena, mara tatu, mara nne, hadi linabaki nyuzi tupu, jepesi, la rangi ya chai ya jana. Hapo ndipo husemwa kwamba muatine umeiva. Ulioiva hautupwi. Ukitoka mtungini unaanikwa na kuwekwa. Unaazimwa kwa masharti, unarithiwa, na nimewahi kuona dada wawili wakigombania mmoja kabla baba yao hajafunikwa vizuri.

Susu alikuwa na miatine tisa ndani ya kapu kwenye ghala. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo nilitumwa mimi kuitoa mmoja mmoja na kumpa mkononi, naye ameketi kwenye kigoda juani. Niliona hiyo ni nafasi nzuri ya utafiti. Nilichukua daftari, nikachora safu: uzito, rangi, urefu, maoni ya Susu.

Aliugonga wa kwanza kwa ukucha, akausikiliza. Akaunusa. Akaugusa kwa ncha ya ulimi.

Alisema huo ni wa matanga. Ukiuweka kwenye pombe ya harusi, watu watakumbuka marehemu wao wote na hakuna atakayecheza. Wa pili ulikuwa mzuri lakini mvivu, ungelala siku tano kabla ya kuanza kazi. Wa tatu akaurudisha haraka mkononi mwangu kama mtu aliyeshika kiatu cha mwenzake. Huo, alisema, huwafanya watu wazungumzie mipaka ya mashamba.

"Susu," nikasema, "umejuaje kwamba ni muatine uliowagombanisha, si mpaka wenyewe?"

"Mpaka ulikuwa pale miaka yote," akasema. "Muatine ulikuja siku ile."

Niliandika kwenye safu ya maoni: ushahidi dhaifu.

Lazima nikiri jambo hapa. Mwaka mmoja kabla, katika maktaba ya chuo, nilikuwa nimekutana na kitabu chenye picha za rangi kuhusu wazee wa Uskoti wanaotengeneza wiski. Nilikisoma mdomo wazi. Kilieleza jinsi wanavyochagua vipande vya mti wa mwaloni vya kuzeeshea pombe yao. Wanaugonga na kusikiliza, wanaunguza upande wa ndani na kunusa, na wanathamini zaidi mti uliokwisha kukaa na mvinyo mwingine kuliko mti mpya, kwa sababu mti wa zamani una kumbukumbu. Nilinakili kurasa mbili kwa mkono. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani kwamba wale si wapika pombe, ni wasanii, ni wanasayansi wa pua. Na sasa nilikuwa nimechuchumaa mbele ya ghala, nyanya yangu mwenyewe anagonga, anasikiliza na kunusa, nami sikuona kufanana kokote. Mzee wa Uskoti alikuwa na koti. Susu alikuwa na leso mbili na kigoda.

Alichagua mitatu. Ilikuwa mibaya kuliko yote. Ilikuwa na mabaka meusi, ilikuwa na utando wa buibui, na ilinuka kwapa la mzee aliyelima tangu alfajiri. Akaniambia niiweke pembeni hadi kesho yake, Jumatano, siku ya kupika.

Nilikuwa nimepasi mtihani wa vijidudu kwa alama nzuri sana. Niliyatazama yale mabaka nikawaona wazee wa Kasikeu wakijishika matumbo, wakianguka mmoja baada ya mwingine, na kaka yangu akibaki kapera hadi kaburini. Chachu niliijua. Ningeweza kukuchorea umbo lake. Ila chachu niliyoijua mimi iliishi vitabuni na kwenye mikebe ya dukani. Haikunipitia akilini kwamba inaweza kuishi kwenye kapu la Susu bila kibali.

Basi jioni ile, mama akiwa kisimani, nikachukua sufuria kubwa na sabuni ya unga. Nilipoanza sikuona sababu ya kubagua. Niliifua miatine yote tisa, pamoja na ule wa mipaka. Niliisugua kwa brashi ya viatu, nikaichemsha kwa saa nzima nikitazama saa yangu ya mkononi, nikaisuuza, nikaianika kwenye ua. Ilikauka ikawa myeupe kama meno ya mgeni. Nilijivunia.

Jumatano Susu alichanganya asali, sukari na maji ya vuguvugu kwenye mtungi, akaniamuru nitumbukize ile mitatu. Pua yake ikasimama.

"Nani anafua?" akauliza.

Nikasema ni mama.

Mtungi ukafunikwa na kuwekwa karibu na jiko, na kaka akauzungushia blanketi lake mwenyewe. Alilala na shuka moja usiku huo, na Kanyangi mwezi wa saba si mahali pa shuka moja.

Asubuhi ya Alhamisi tulikusanyika. Kaluvu inayochacha huongea. Unaweka sikio kwenye mtungi unasikia mnong'ono, kama wanawake walioketi nyuma kanisani. Susu akaweka sikio. Akaweka sikio la pili. Kaka alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na alikuwa anaukunja na kuukunjua. Mtungi ulikuwa kimya kama mtungi.

Nikasema labda ukikorogwa. Nikauchukua mwiko nikakoroga, na povu likapanda, jeupe, tele, likafika mdomoni na kumwagikia majivu.

"Inachacha," nikasema. "Kaka, angalia, inachacha."

Kaka alinikumbatia. Ni mara ya mwisho alinikumbatia mwaka huo. Susu alichovya kidole, akaonja, akakaa na kile kidole mdomoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwana wakwa," akasema, "uliiosha?"

"Kidogo."

"Kwa nini?"

"Vijidudu, Susu."

Akatoa kidole. "Na wewe ulidhani pombe hupikwa na nani?"

Nimeulizwa maswali mengi na maprofesa wengi, na hakuna lililowahi kunikalisha chini kama lile. Nilielewa kila kitu kwa pamoja. Nilikumbuka hata ukurasa wa kitabu. Nilikuwa nimewachemsha wapishi.

Tulimwaga mtungi nyuma ya zizi. Beberu wa jirani akaja akanywa kabla hatujamfukuza, na kutwa nzima alitoa povu na kutembea kinyumenyume. Kaka hakunifokea. Ningependelea anifokee. Alirudi kwenye cherehani yake, na mteja mmoja baadaye alikuja kulalamika kwamba suruali yake imeshonewa mkono wa shati kiunoni.

Hata hivyo hatukuwa tumekwisha kabisa, kwa sababu Susu alikuwa ameficha nusu ya asali. Alisema hakuificha kwa sababu ya wezi. Aliificha siku aliponisikia nikiandika kwenye lile daftari. Asali ilikuwapo. Kilichokosekana ni muatine, tena muatine wenye nguvu ya kuivisha mtungi kwa siku moja na nusu.

Kaka alizunguka kwa majirani wote. Ilikuwa kazi ya aibu, maana Kanyangi nzima ilikuwa imeokoka, na aliyekuwa hajaokoka alikuwa anaogopa askari wa chifu. Kila nyumba aliyoingia walimwambia vitu hivyo waliviacha zamani. Nyumba tatu zilimwombea. Alirudi na baraka nyingi bila muatine.

"Kuna mmoja tu ungeweza," Susu akasema, akitazama upande ambao alidhani ndiko kaka alikosimama. "Mama wa hii yote tisa, iliyoivishwa katika pombe yake. Na ulichomwa."

Hadithi hiyo tuliijua. Susu alikuwa amempa muatine huo shangazi yangu, bintiye wa pekee, siku alipoolewa, na shangazi akapika nao mpaka watu wakawa wanapanga safari zao ili wapitie kwake. Kisha ukaja mkutano mkubwa wa uamsho, mimi nikiwa na miaka minane. Shangazi aliokoka siku ya pili. Siku ya tatu ukawashwa moto mbele ya kanisa, na wanawake waliokuwa wapika pombe wakapita mstari mrefu, kila mmoja na kapu lake, wakitupa miatine motoni huku kwaya ikiimba. Shangazi alikuwa wa kwanza. Toka siku hiyo akawa kiongozi wa akina mama, na ushuhuda wake wa moto ule aliutoa kila mwaka, kila mwaka ukiwaka zaidi. Susu naye toka siku hiyo hakula tena nyumbani kwa binti yake. Akienda, alikaa nje, akanywa maji, akarudi.

Mimi ninachokumbuka zaidi kuhusu uamsho ule ni kwamba baada yake madodoki yaliadimika. Hapakuwa na dodoki la kuogea sokoni kwa miezi. Watoto wote wa Kanyangi tulisuguliwa kwa mawe. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa ni kiangazi, nami nikasema dodoki hupenda jua, nikaongezwa jiwe lingine.

Alasiri ile ya Alhamisi nilitumwa kwa shangazi kumwambia kwamba huenda safari ya Kasikeu isiwepo. Kwa kuwa ni shangazi wa bwana arusi, ilikuwa lazima awepo, na alikuwa amekubali kuja kwa sharti kwamba yeye atakunywa chai na kutazama upande mwingine. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati, nikamweleza habari ya sabuni. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, kisha akakumbuka cheo chake, akasema labda Mungu amejibu kwa njia yake.

Nikatazama juu nisionekane nimeudhika. Juu ya moshi, kwenye dari la fito, alikuwa ametundika mahindi ya mbegu, kila hindi likiwa na maganda yake. Yalikuwa mahindi ya kawaida ya Ukambani, madogo, yaliyoteswa na jua. Isipokuwa moja.

"Shangazi," nikasema, "lile la tatu kutoka mlangoni ni la aina gani?"

"La mbegu."

"Ni kubwa kuliko mkono wangu."

"Mungu ni mkubwa."

"Limeshonwa kwa uzi wa cherehani."

Akaniongezea chai ambayo sikuiomba. "Kunywa, profesa."

Sijui akili hufanyaje kazi. Nilikuwa nimetazama lile hindi, na nilichoona ni mawe ya kuogea. Nikaliona kapu la shangazi siku ya moto, vitu virefu vya nyuzi, vyepesi, vikiwaka haraka mno. Muatine mkavu na dodoki kavu, ukiwa umbali wa hatua kumi na moshi machoni, ni ndugu.

"Shangazi, siku ile ulichoma nini?"

"Wewe ulikuwa mtoto. Ulitakiwa uwe umefumba macho, unaomba."

"Nilifumba moja."

Alikwenda mlangoni akachungulia nje, akarudi, akakaa karibu zaidi. Alisema pombe aliiacha kweli, na hilo nisilitie shaka, hata mimi. Ila muatine ule mama yake alimpa kwa mikono miwili, na kila alipojiwazia akiutupa motoni, mikono yake yeye ilikataa. Basi akachoma madodoki, akaenda nyumbani akalia, kwa sababu alikuwa amemdanganya Mungu, na kwa sababu mama yake aliamini.

"Na haujafa?" nikauliza. "Miaka yote hii?"

"Kila mwaka mara moja naulowesha kwa maji ya asali kidogo. Usife tu."

"Halafu hayo maji?"

"Namwaga."

"Yote?"

"Kunywa chai."

Nilimwambia habari ya hoteli ya Kasikeu na msimu wa pili. Alipanda kwenye kigoda, akalishusha lile hindi. Sharti lilikuwa moja, mtu asijue, na zaidi ya watu wote mama yake. Nikatembea nalo kwapani katikati ya soko la Kanyangi, na wakulima wawili wakanisimamisha wakiniomba mbegu.

Nyumbani nilimwambia Susu kwamba nimeupata kwa mtu asiyependa kutajwa. Niliutoa ndani ya maganda ya hindi, nikauweka mkononi mwake. Hakuugonga. Hakuunusa. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo mpaka kikafika mahali palipochongwa alama ndogo kwa kisu, kikakaa pale.

"Mtu huyo hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Anauweka juu ya moshi?"

"Nadhani."

"Ndipo mahali pake," akasema, akaniambia nilete asali na nisiguse kitu kingine chochote.

Kabla jua halijazama mtungi ulikuwa unanong'ona. Ijumaa asubuhi ulikuwa unazungumza waziwazi. Kaka aliketi kando yake na sikio lake limebandikwa, akitabasamu kama mtu anayesikiliza mpira redioni.

Jumamosi tulipanda pikapu ya kukodi, mbuzi nyuma pamoja nami na kaka, Susu na shangazi mbele, vibuyu viwili mapajani mwa Susu, kila kimoja kimezibwa kwa jani ili kipumue. Barabara ya kwenda Kasikeu haikuwa na huruma. Kila shimo tulilopiga, kaka alifumba macho.

Wazee walikuwa sita, wamepangwa kwenye viti kufuata umri. Msemaji wao alikuwa ami wa bibi arusi, kaka mkubwa wa babake, mzee mwembamba aliyestaafu uashi, mwenye sauti ya chini iliyofanya kila mtu ainame mbele. Ndiye aliyeinusa ile siki mara ya kwanza. Mbuzi walitazamwa, wakasifiwa kidogo, wakatolewa. Kaka akaonja pombe mbele ya wote, kama ilivyo desturi, kuonyesha kwamba hatukuja kuua mtu. Kisha yule ami akapewa pembe.

Akanywa, akafumba macho. Mlangoni niliona upindo wa nguo ya bibi arusi, na vidole vyake vimeshika fremu.

Mzee akanywa tena. Akasema kwa sauti ile ya chini kwamba yeye katika ujana wake alijenga shule ya Kanyangi, madarasa manne, na kwamba darasa la nne limepinda kidogo. Alisema limepinda kwa sababu kulikuwa na nyumba moja karibu na mto, na katika nyumba hiyo kulikuwa na pombe. Akafumbua macho.

"Muatine huu naujua," akasema. "Ni wa nani?"

Kwa wazee wa upande ule hilo si swali la porojo. Pombe ya ntheo huwa na mwenyewe, naye husimama akanywa funda moja mbele ya wakwe, kwa maana wanaotoa binti wanataka kujua ni mkono gani utakaomlisha. Pombe isiyo na mwenyewe hurudi na mbuzi wake. Shangazi alikuwa ameketi chini ya dirisha na kikombe cha chai, akitazama upande mwingine kama alivyoahidi.

Nikasimama. Nikasema ni wangu.

"Kijana," mzee akasema, "muatine huu umekuzidi umri. Keti."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Susu akaanza kuinuka, akitafuta fimbo yake, akisema ni wake, na kwa namna fulani ulikuwa wake. Lakini mzee alitikisa kichwa. Alisema anamheshimu mama, ila anakumbuka mikono iliyommiminia, na ilikuwa ya mwanamke kijana. Mlangoni vile vidole viliachia fremu, upindo wa nguo ukageuka, kama mtu anayejiandaa kurudi hotelini kwake kuteka maji.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Ni wangu," akasema.

Alitembea hadi katikati ya chumba na kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, akapokea pembe kwa mikono miwili, akanywa funda moja. Alimeza. Tulingoja. Akaonekana anafikiri. Akanywa la pili, polepole, akilizungusha mdomoni.

"Asali imezidi," akasema.

"Nilitaka kusema hivyo jana," Susu akajibu kutoka kwenye kiti chake, "lakini mimi ninaambiwa sioni."

Yule mzee alicheka kwanza, kicheko chembamba kama yeye mwenyewe, kisha wote sita, kisha kicheko kimoja kirefu cha mwanamke kutoka nyuma ya mlango, na hapo nikajua kwamba kaka ameoa. Yeye mwenyewe alichelewa kujua. Alikuwa ameshika kibuyu kifuani na ilibidi wamwombe mara mbili amimine.

Wakati wa chakula niliwaona Susu na shangazi wameketi mkeka mmoja, wakila kwenye sahani moja, wakibishana kuhusu asali.

Jumapili iliyofuata shangazi alisimama kanisani Kanyangi. Alikuwa hajalala. Akasema ushuhuda wake wa miaka yote ulikuwa na kasoro, kwamba siku ya moto hakuchoma muatine, na yuko tayari kuuacha uongozi. Mchungaji, aliyekuwa kijana na hakuwapo wakati wa uamsho, akamuuliza kwa upole ni nini basi alichochoma.

"Madodoki," shangazi akasema.

Mchungaji alingoja kanisa lishtuke. Kanisa halikushtuka. Lilikuwa linatazama sakafu. Kisha mama mmoja wa safu ya pili akakohoa, akasimama, akasema hata yeye ana neno. Baada yake akasimama mwingine, na mwingine nyuma yake, akina mama wa heshima, na mmoja wa kwaya. Mimi niliketi safu ya mwisho nikihesabu kwa vidole, na nilipofika mkono wa pili nikayakumbuka mawe yote niliyosuguliwa nayo nikiwa na miaka minane. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu kupata jibu kamili.

Shangazi hakuondolewa uongozini. Hapakuwa na mtu wa kupiga kura dhidi yake.

Chuo kilipofunguliwa, mama alichinja yule mbuzi. Susu alinipa kipande cha muatine, robo tu, kimefungwa ndani ya ganda la hindi. Alinitazama, au alitazama nilipokuwa, akaniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Akasema basi nitoe sabuni ya unga sandukuni mwangu kabla hajanipa, nami nikaitoa.